Sifuri ya Magesa

Haipiti miezi miwili hapa Kigera kabla kijana mmoja hajagonga geti langu. Anakaa, anakunywa chai, anazunguka na habari za mvua na bei ya sato, halafu anatoa lililomleta: amechoka na kazi aliyonayo, anataka kuwa mwalimu. Mmoja alikuwa fundi wa simu. Mwingine alikuwa mpishi katika hoteli pale Musoma mjini. Wote wanauliza swali moja: mimi niliyeingia darasani na mvi kichwani niliwezaje? Nami huwajibu kwa kirefu, maana hiyo ndiyo dosari yangu kubwa, na huwaona wakianza kutafuta viatu vyao kwa macho. Basi nimeamua kuandika. Msomaji akichoka anaweza kuinuka bila kuniaga.

Kabla ya chaki nilikuwa mkaguzi wa pamba Bunda, katika kiwanda ambacho leo ni kuta na mbuzi tu. Kazi yangu ilikuwa kusema neno moja kati ya mawili. Mkulima analeta gunia, mimi nalikagua, nasema "safi" au nasema "fifi". Safi ni pamba nyeupe, kavu, isiyo na majani. Fifi ni ile iliyopauka, yenye madoa na takataka. Bei yake iko chini, na hasira ya mwenye nayo iko juu.

Ujuzi wenyewe hauchukui siku nyingi. Usiangalie juu ya gunia. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuona hata gunia moja lililokuwa baya juu. Unazamisha mkono mpaka kiwiko, unachota tumboni, unakamua kiganjani. Pamba iliyomwagiwa maji inabaki imejikunja. Iliyo kavu inafumuka yenyewe. Kisha unauma mbegu. Mbegu kavu inapasuka kwa mlio, mbichi inabonyea kama harage lililolala majini. Mchanga huna haja ya kuutafuta, utaukuta kwenye meno.

Shida yangu ni kwamba nilikuwa naeleza. Wakaguzi wenzangu walisema "fifi" wakageukia gunia linalofuata. Mimi nilimwonyesha mkulima doa, nikamwambia limeletwa na mdudu gani, mdudu huyo anaingia shambani lini, na mwakani afanye nini. Siku moja mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, nimeshakubali ni fifi. Niache niende." Jina likanikaa. Kiwanda kiliposimama, nasi tukawa tunashinda nje ya lango tukisubiri kuambiwa kitakachofuata, mke wangu, Mama Neema, alinitazama asubuhi moja nikijiandaa kwenda kusubiri. Akasema, "Miaka yote hii watu wanakuita mwalimu bure. Si uende ukawe basi?"

Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Siku ya kwanza chuoni niliingia darasani na shati la kuchomekea na begi langu la ngozi. Vijana hamsini wakasimama wima. "Shikamoo, mkufunzi!" Nikaitikia marahaba, nikawaambia wakae, halafu nikaenda kuketi nao dawati la nyuma. Kimya kilichofuata sijapata kukisikia tena katika darasa lolote, na nimekitafuta sana.

Wakanibatiza Babu. Binti wa miaka kumi na tisa ndiye aliyenifundisha kuandika andalio la somo, ule mpango unaoonyesha kila dakika ya kipindi mwalimu atafanya nini na mtoto atafanya nini. Kile kisehemu cha mtoto mimi nilikuwa nakiacha wazi. Niliona mtoto atasikiliza, kazi nyingine ya nini? Nami nikamlipa yule binti kwa ujuzi wa chaki, maana niliandika kwa chaki kwenye ubao wa mizani miaka mingi. Chaki ndefu hupiga kelele kwa sababu inatetemeka. Ivunje katikati, ishike karibu na ncha, ilaze kidogo. Haitalia.

Kwenye mazoezi ya kufundisha, somo langu la kwanza la dakika arobaini nililimaliza kwa dakika tisa. Nilisema kila nilichokijua kuhusu sehemu, nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitika, "Ndiyooo!" Nami nikaamini, mtu mzima niliyezoea kutoamini juu ya gunia. Vijana wangu, msiulize kamwe "mmeelewa?" Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mkubwa hapana. Uliza swali lenyewe, kisha nyamaza, hesabu moyoni mpaka saba. Kufika tatu utaona aibu. Kufika tano utatamani kujibu mwenyewe. Vumilia; mkono wa kwanza hunyooka kwenye sita.

Nikapangiwa shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Butiama, kijiji cha ng'ombe na mihogo. Mwalimu mkuu msaidizi alikuwa Mwalimu Bhoke, mama mfupi mwenye sauti ndogo, mdogo kwangu kwa miaka sita, naye alishakula vumbi la chaki miaka kumi na tano. Huyo ndiye aliyenifanya mwalimu. Chuo kilinipa cheti tu.

Wiki ya kwanza nilipewa darasa la nne, watoto sitini na wawili. Nikafanya nilichokijua. Nikawapa hesabu kumi, nikasahihisha, nikawagawa: waliopata wakae upande wa dirishani, waliokosa wakae nyuma. Na kwa kuwa sikuwa na majina mengine kichwani, dirishani nikapaita Safi, nyuma nikapaita Fifi. Nilijiona nimeleta mpangilio. Mwalimu Bhoke alipita mlangoni, akasimama, akaniita nje kwa kidole.

"Mwalimu, samahani. Hawa wa dirishani nimeelewa. Hawa wa nyuma unawapelekaga kiwanda gani?"

"Sijakuelewa, mwalimu."

"Nauliza tu. Pamba ukishasema ni fifi, si inaondoka? Inapelekwa huko, huioni tena. Sasa hawa kesho watakuja. Na kesho kutwa watakuja. Mpaka darasa la saba watakuja. Umejipangaje?"

Sikuwa nimejipanga. Nikawachanganya siku hiyo hiyo, lakini nilichelewa. Watoto wa nyuma walikuwa wamelipenda jina. Waliunda timu ya mpira wakaiita Fifi, wakawafunga Safi mabao matano, na mpaka naondoka shule ile miaka mingi baadaye timu ya Fifi ilikuwapo, na mtoto mwenye alama nzuri kuipata namba ilikuwa tabu.

Sasa niwaeleze habari ya Magesa, maana ndiyo ninayotaka mwondoke nayo.

Ulikuwa mwaka wangu wa sita. Nilikuwa nafundisha hisabati darasa la saba, na nilishaanza kujiona mjuzi, hali ambayo katika kazi yoyote ni dalili kwamba uangalie nyuma yako. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ni wa kuchagua: swali linakuja na majibu matano, mtoto anachagua herufi. Kila Ijumaa niliwapa jaribio la maswali arobaini ya namna hiyo.

Magesa alikuwa mtoto mkimya wa miaka kumi na nne, mwenye miguu yenye vumbi la kuchunga. Darasa la tano na la sita alikuwa anafanya vizuri. Ijumaa ya kwanza ya darasa la saba alipata sifuri. Nikadhani anaumwa. Ijumaa ya pili, sifuri. Nikamsimamisha mbele ya wenzake nikasema maneno ambayo sitayaandika, maana wajukuu zangu wanasoma siku hizi. Ijumaa ya tatu, sifuri. Nikaingia chumba cha walimu nimeshika karatasi yake kama mtu aliyeshika nyoka.

"Huyu mtoto ameharibika," nikasema. "Sifuri ya tatu hii."

Mwalimu Bhoke alikuwa anamenya chungwa. "Sifuri kabisa?"

"Kabisa. Arobaini zote kakosa."

"Mwalimu, hata kuku akidonoa karatasi hiyo anapata saba."

Walimu wenzangu wakacheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikakaa. Majibu matano kwa kila swali. Asiyejua kitu akibahatisha, katika kila maswali matano moja litamwangukia tu. Katika arobaini, ni kama manane. Sifuri mara moja inaweza kuwa ajali. Sifuri tatu?

Jumatatu niliwagawia darasa karatasi za majibu bila maswali. Nikawaambia, "Leo maswali ninayo mimi mfukoni. Nyinyi jazeni herufi tu, moja mpaka arobaini, upendavyo." Walifurahi sana, ndilo jaribio pekee nililowahi kutoa ambalo hakuna aliyeliogopa. Nikasahihisha. Wengi walipata sita, saba, tisa. Mmoja alipata kumi na mbili, akatembea siku nzima kama diwani.

Magesa alipata tisa.

Naomba mwelewe nilichokuwa nimekishika. Mtoto asipoona maswali anapata tisa. Akiyaona anapata sifuri. Kuna njia moja tu ya kukosa maswali arobaini bila kuteleza hata mara moja, nayo ni kujua majibu yote arobaini. Nilikuwa nimemtukana mbele ya darasa mtoto aliyekuwa anapata mia kwa mia kila Ijumaa, na mimi ndiye niliyejigamba miaka yote kwamba siangalii juu ya gunia.

Nikamwita baada ya masomo, nikaziweka karatasi zote nne mezani. Nikauliza, nikanyamaza, nikaanza kuhesabu. Magesa alinifikisha thelathini na kitu.

"Baba amesema," akasema mwishowe.

"Amesema nini?"

"Nisifaulu."

"Akasema upate sifuri?"

"Hapana, mwalimu. Hiyo nilijiongeza mwenyewe. Niliogopa nisije nikateleza nikapita."

Kwa vijana wa mjini, hapa lazima nieleze. Mtoto akifaulu darasa la saba anapangiwa shule ya sekondari. Mzazi asipompeleka, mtendaji wa kata anamfuata na mgambo, na kesi inakuwa kubwa. Lakini mtoto akifeli, hakuna anayemfuata mtu. Kwa hiyo mzazi asiyetaka mtoto aendelee hagombani na serikali. Anamwambia mtoto afeli. Ni njia ya amani kabisa. Mtoto aliyelelewa kutii anaingia kwenye chumba cha mtihani akifunga mlango wake mwenyewe, tena kwa herufi nzuri.

Na mtihani ulikuwa umebaki miezi saba.

Nikamwomba msamaha kwa yale niliyosema mbele ya wenzake. Hakujua afanye nini na msamaha wa mwalimu. Aliukunja kama barua ya mtu mwingine. Kisha akaniuliza, "Utamwambia baba kwamba nimesema?"

"Nitamwambia nimejua mwenyewe. Na ni kweli."

Katika pamba tulikuwa na desturi: usimwambie mtu gunia lake ni baya mbele ya mke wake na watoto. Mvute pembeni, mwonyeshe, mwache aseme mwenyewe. Nikamfuata Mzee Wambura, babake Magesa, lamboni alikokuwa ananywesha ng'ombe, mchana kweupe, peke yake. Nikamsalimia, nikasifu fahali wake, nikaanza kusema jina la mtoto. Akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Wewe si ulikuwaga Bunda? Kwenye pamba?"

"Ndiyo, mzee."

"Wewe! Wewe ndo ulinipaga fifi magunia manne!"

Kati ya walimu wote wa wilaya, Mungu alimpa mzee huyu mimi. "Yawezekana, mzee. Magunia yalikuwa mengi."

"Ile pamba ilikuwa safi!"

Nikamtazama, akanitazama. "Kama ndiyo ninayoikumbuka," nikasema, "ilikuwa na mchanga."

Akageukia ng'ombe wake. Akapiga mluzi. "Kidogo," akasema.

Tukacheka mpaka fahali akasogea. Nikadhani nimeshinda. Vijana, mtu akicheka na wewe msidhani amekubaliana na wewe.

"Sikiliza, mwalimu," akasema Mzee Wambura. "Mimi sio mjinga. Nilikuwa na vijana wawili wakubwa, wote walikuwa wanachunga vizuri. Wakafaulu. Nikauza ng'ombe, nikawasomesha mpaka fomu foo. Mmoja yuko Musoma anaendesha bodaboda, nikimpigia anasema yuko kazini. Mwingine yuko pale nyumbani. Muulize anafanya nini. Anasubiria ajira. Mwaka wa tatu anasubiria, na simu mkononi. Ukimwambia peleka ng'ombe, anasema baba, mimi nina cheti. Sasa ng'ombe zangu nani atachunga? Cheti?"

"Magesa ana akili, mzee. Zaidi ya unavyodhani."

"Najua ana akili. Wa kwanza na wa pili nao walikuwa na akili. Ndo maana nikamwambia huyu afeli vizuri, asiniletee mtendaji hapa." Akanitazama kwa huruma. "Na wewe mwenyewe ulisoma, ukaenda pamba, pamba ikakwisha, ukarudi tena kusoma. Kusoma kwenu hakuishagi. Neno langu nimeshasema, mwalimu. Sirudishi."

Nilirudi shuleni nikiwa na majibu mazuri sana ya kumpa, yote yakinijia njiani, kama ilivyo kawaida ya majibu mazuri.

Usiku wa fikira zangu sitawaelezea. Nilitaka kumwita Magesa nimwambie waziwazi: mdanganye baba yako, faulu, mengine niachie. Mwalimu Bhoke alinikataza.

"Usimwite mtoto akachague kati ya baba yake na wewe," akasema. "Wewe utahamishwa, baba yake yupo. Na usimfundishe uongo mwingine juu ya ule alio nao. Wewe si unapendaga kueleza? Eleza."

"Nieleze nini?"

"Usinielezee mimi, nimeshazeeka. Waeleze darasa zima, jinsi mambo yalivyo. Hakuna aliyewahi kuwaeleza."

Kwa hiyo nikatumia kipindi kizima. Nikagawa ubao sehemu tatu. Wanaopata A, na baadhi ya wenye B, nikasema, huchaguliwa kwenda shule za bweni za mbali, za vipaji. Ndiko nilikotaka Magesa aende, nisiwafiche. Nilikuwa tayari nimeshaliona jina la shule yetu likisomwa wilayani na mimi nimesimama kando nikijifanya sisikii. Wanaopata C, wamefaulu, lakini husoma shule ya kata, hapa hapa, kwenda kwa miguu na kurudi jioni. Wanaopata D na E, hawachaguliwi. Nikachora mishale. Nikaeleza alama zinajumlishwaje. Nikaeleza mpaka watoto wa Fifi wakaanza kupiga miayo.

Nilipouliza kama kuna swali, nikaanza kuhesabu. Kwenye sita mkono ulinyooka, na ulikuwa wa Magesa, aliyekuwa hajauliza swali tangu mwaka uanze.

"Mwalimu, shule ya kata wanatoka saa ngapi?"

"Saa tisa," nikasema. "Kuna swali la maana?"

Ndivyo nilivyosema. Kuna swali la maana.

Ijumaa zilizobaki Magesa hakupata tena sifuri. Alipata kumi na nane, ishirini na tano, thelathini, kumi. Zilipanda na kushuka bila mpango. Mwalimu Bhoke alisema labda anajaribu mizani. Mimi nilisema amevurugikiwa. Mtihani ukaja, wakafanya, wakaenda makwao.

Matokeo yalipotoka niliyasoma kwa kidole kama mtu anayetafuta jina la marehemu. Magesa: Kiswahili C, Hisabati C, Sayansi C. Masomo yote C, kama yamekatwa kwa panga moja. Amechaguliwa shule ya kata.

Nilihuzunika. Niseme kweli, nilihuzunika kuliko kama angefeli, maana aliyefeli ungesema ametii. Huyu niliona amekwama katikati, nusu ya baba, nusu yangu. Lakini kazi ilikuwa imebaki: nilikuwa nimejiapiza kwamba akifaulu, ni mimi nitakayempelekea baba yake habari, siyo mtoto.

Nilimkuta Mzee Wambura uani. Yule kijana wake mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na simu yake. Magesa alikuwa anafunga ndama. Nikaletewa maziwa ya mgando. Nikasema, "Mzee, Magesa amefaulu. Kwa C."

"C ndo nini?"

"Ni kufaulu. Anakwenda shule ya kata."

"Nisipompeleka?"

"Mtendaji atakuja."

Mzee akaweka kikombe chini. "Magesa! Mura, kijana, njoo hapa. Nilikwambia nini mimi?"

Mtoto akaja, akasimama mbele ya baba yake, mikono nyuma. "Uliniambia nisifaulu, baba."

"Na umefanya nini?"

"Uliniuliza ng'ombe nani atachunga. Nikafikiria hiyo." Maneno yalikuwa yamepangwa kama maswali ya mtihani. "Nikipata A wananipeleka mbali, sirudi mpaka likizo. Nikifeli nachunga, lakini nachunga tu. Nikipata C niko hapa. Asubuhi nakamua kabla ya kwenda. Shule inatoka saa tisa, saa kumi niko machungani mpaka zirudi. Jumamosi na Jumapili nachunga siku nzima. Inabaki asubuhi mpaka saa kumi tu, siku tano."

"Na hiyo anachunga nani?"

Magesa alitazama kiti cha plastiki. Baba yake naye akatazama kiti cha plastiki. Mimi nikatazama maziwa yangu.

Kaka mtu akainua macho kutoka kwenye simu. "Mnanitazamia nini? Mimi nasubiria ajira!"

"Imepatikana," akasema Mzee Wambura.

Nilipoaga Magesa alinisindikiza mpaka njia panda. Sikuweza kuvumilia. "Wewe ulijuaje kupata C sawasawa?"

"Nilijibu nusu zikawa sahihi, mwalimu. Nikaongeza tatu za akiba."

"Akiba ya nini?"

"Labda nimekosea mahali bila kujua. Zilizobaki nikazipoteza."

Nilitembea maili nzima nikiwa sina la kueleza, na wanaonijua watawaambia hilo ni jambo kubwa. Mtoto alikuwa amenisikiliza ubaoni kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe. Mimi nilichora mishale mitatu nikitazama mmoja. Yeye aliitazama yote.

Miezi mingi ikapita. Siku moja saa kumi kasoro, nikifunga ofisi, akatokea Magesa amevaa sare za sekondari, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Ng'ombe walikuwa wanamsubiri, akasema, ana dakika chache. Akatoa karatasi ya mtihani wake wa hisabati wa kidato cha kwanza. Sabini na moja kwa mia.

Niliisoma yote. Kulikuwa na makosa manane. Nikamwonyesha la kwanza, kwa tahadhari, kama mtu anayeuma mbegu.

"Na hili ulilipoteza kwa makusudi?"

"Hapana, mwalimu." Akainama, akaona haya kidogo. "Hayo yote sijui. Nilijaribu, nikashindwa."

Manane. Darasa la saba lote nilikuwa mwalimu wake wa hisabati, na sikuwahi kuona kosa lake hata moja la kweli. Nilivuta kiti cha pili, nikavunja chaki katikati, nikamwambia ng'ombe watangoja kidogo, tuanze na hili.